Mbayuwayu Juu ya Duka la Mazulia

Jumapili, 3 Novemba

Dada Rowena, nisamehe. Daftari hili ulinipa Orla alipozaliwa, ukaniambia niandike angalau mstari mmoja kwa siku. Sasa Orla ana miezi saba, anakaa mwenyewe bila kuegemezwa, na ndiyo kwanza nafungua ukurasa wa kwanza. Sina kisingizio cha maana. Jioni nikikaa kitini nasinzia na kijiko mkononi. Najua ulitaka habari za mtoto, na utazipata, lakini nakuonya mapema kwamba nitaandika zaidi habari za majumba ya sinema. Cheka tu. Majira ya baridi yakiisha nitakutumia daftari lote kwa posta.

Ilianza kwa sababu ya baridi. Nyumba yetu haipashiki, kwa hiyo asubuhi nampeleka Orla maktaba, ambako joto ni la bure. Mwezi uliopita nikakuta ukutani wamebandika picha za sinema zote za bonde letu, kila moja na kilichoipata. Hii kanisa. Hii ukumbi wa kunyanyua vyuma. Hii duka la vitanda. Nyingi chini yake pana neno moja tu: Imebomolewa. Nilisimama pale hadi mtoto akaanza kunivuta nywele. Mzee mmoja akaja akaniuliza kama mtoto anapenda sinema. Nikamwambia anapenda taa.

"Basi ni mwenzetu tayari," akasema.

Ndiye Bwana Clegg. Aliendesha basi hadi alipostaafu, na siku zake za mapumziko zote alizimaliza kupiga picha sinema kabla hazijaanguka. Sasa magoti yamemgomea. Ana chama chake cha wazee wenzake, lakini wote magoti ni yale yale. Aliponiona na kamera yako ya zamani begani, akanitazama miguu kabla ya uso.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Jino la Orla. Callum ameanza zamu za lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu, barabara za juu zimeanza kuganda. Sasa hadi Machi nitakuwa namwona mume wangu akiwa amelala tu.

Jumatatu, 11 Novemba

Leo Bwana Clegg alinifundisha kazi yake ya kupiga picha majengo. Unaanza na nyuma ya jengo, siyo mbele. Sinema za kwetu mbele zimepakwa poda, vigae vyeupe na madirisha ya rangi, lakini ukizunguka unakuta ni boksi la matofali kama kiwanda. Mgongo ndio unaokuonyesha maji yanaingilia wapi na nani ameziba mlango gani. Kisha pembeni, kisha mbele ukiwa ng'ambo ya barabara, kisha ndani. Kila picha unaandika umesimama wapi na umetazama upande gani. Uzuri ni wa mwisho. Anasema wengi wanakimbilia uzuri, jengo likishaanguka hakuna anayejua ngazi ilikuwa upande gani.

Tulifanya ile ya Mtaa wa Kanisa. Sasa ni maegesho, umebaki ukuta mmoja na mlango wa dharura ulio juu hewani, hauna ngazi. Orla alilala muda wote chini ya plastiki ya kigari chake cha kusukuma. Mvua haikukata.

Mama mkwe, Maureen, aliona picha akaniuliza hili ni nini. Nikamwambia ilikuwa sinema. Akasema wenzangu wanapiga picha watoto wao, mimi napiga picha matofali. Nikamwambia mtoto yumo, pale pembeni, gurudumu linaonekana. Hakucheka.

Jumanne, 19 Novemba

Rowena, kaa chini.

Unakumbuka Rivoli, pale sokoni. Sisi tunaijua kama duka la mazulia, ila kabla ya hapo ilikuwa ukumbi wa mchezo wa bingo, na kabla ya bingo sinema. Duka lilifungwa mwaka jana. Mwenye jengo yuko mbali, anataka kujenga fleti. Aliyekuwa akiuza mazulia, Bwana Ismail Bhaiji, bado anatunza ufunguo, na leo alinifungulia. Nilimwacha Orla kwa Maureen, akanisema kwanza, lakini akamchukua.

Chini hakuna kitu. Sakafu tupu, na juu yake dari la vibao vyeupe, lile la kutundika, la ofisi. Bwana Ismail alisema miaka yote ile alidhani juu yake kuna nyaya na giza tu. Nyuma kabisa, kwenye kabati la mafagio, kuna ngazi. Akanishikia chini, nikasukuma kifuniko kwa kichwa, nikapanda.

Nikatokea kwenye roshani ya sinema.

Yote ipo. Ukingo wake, safu zake, ingawa viti havipo, vumbi kama theluji. Nikawasha tochi nikaielekeza juu. Dari halisi liko pale, kuba zima la lipu, halijaguswa. Ni anga. Pembeni kuzunguka yote wamefinyanga matawi ya pamba, maua yake yamepasuka, ile pamba iliyolisha viwanda vya babu zetu. Na katikati mbayuwayu wanaruka kwa duara. Wengi, wakubwa kama mkono wangu. Nilidhani wametumia umbo moja kwa wote, lakini nikiwamulika mmoja mmoja naona huyu amefungua mdomo, huyu amekunja bawa, huyu ana mkia mmoja mfupi kana kwamba aliponea kwa paka. Mtu fulani alilala chali juu ya jukwaa akamfanya kila ndege peke yake, kwa ajili ya wafumaji waliolipa senti kukaa gizani. Halafu giza lenyewe likawaficha.

Bwana Ismail akapanda taratibu akasimama nyuma yangu.  Kisha akanieleza kwamba Jumapili, alipokuwa mdogo, watu wao walikuwa wakikodi Rivoli nzima kuonyesha filamu za Kihindi. Wanaume chini, akina mama na watoto roshani, na sambusa zinapita kutoka mkono hadi mkono. Mama yake alikuwa akikaa safu ya mbele ili aweke miguu ukingoni.

"Nilikuwa namlalia mapajani," akasema. "Kumbe ndio nilikuwa nawatazama hawa. Mimi nilidhani niliota."

Nilipiga picha zote kama nilivyofundishwa, uzuri mwisho. Kila moja nikairudia.

Jumatano, 20 Novemba

Nilimwonyesha Bwana Clegg picha pale maktaba. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema katika bonde zima hakuna dari jingine kama hili, na yeye aliliandika Rivoli kwenye kumbukumbu zake kwamba ndani limekwisha, kwa mkono wake, kwa sababu aliingia mara moja akaona vibao vyeupe akaondoka.

Sasa sikiliza mambo yalivyo, maana kila kitu kinategemea hili. Kuna orodha ya serikali ya majengo yanayolindwa. Jengo likiingia humo, hakuna wa kulibomoa. Rivoli kwa nje haliwezi kuingia, uso wake uliharibiwa zamani za bingo. Kinachoweza kuliokoa ni hilo dari peke yake. Likiwepo siku mkaguzi atakapokuja, jengo litasimama. Lisipokuwepo, ni boksi la matofali. Na hadi leo hakuna sheria inayomzuia mwenye jengo kuligusa, ni lake.

Kwa hiyo nikasema tuandike barua leo. Halmashauri yetu ina afisa wa majengo, na ukimwomba kimya kimya anaweza kutoa amri ya dharura hata siku hiyo hiyo, kabla mwenye jengo hajasikia.

Bwana Clegg akasema barua itakwenda baada ya Alhamisi ijayo. Kwa nini Alhamisi? Kwa sababu ndiyo jioni ya picha. Chama chao kina desturi tangu kianzishwe: kitu kipya kikipatikana, wanachama ndio wa kwanza kukiona, ukutani, kikubwa, na chai na biskuti za tangawizi. Kisha wote wanatia sahihi kwenye barua. Haijawahi kutumwa barua bila sahihi zao. Nikamwambia wiki nzima ni ndefu. Akanipapasa mkono, akasema limekaa pale miaka yote hiyo, binti, wiki haitaliua.

Nilikubali. Naandika hapa kwamba sikupenda, lakini nilikubali.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua na upepo. Orla anakohoa. Nilisimama chini ya Rivoli nikasikiliza maji kwenye mfereji wa paa.

Alhamisi, 28 Novemba

Jioni ya picha. Chumba cha juu cha maktaba, makoti yanatoa mvuke, wazee kama ishirini. Nilitaka kusema kabla hatujaanza kwamba mtu asipige picha ukuta kwa simu wala asieneze. Bwana Clegg akacheka. "Hawa ni watu wetu," akasema, nikaketi.

Ndege walipotokea ukutani hakuna aliyetafuna. Bibi mmoja alisema tu, "Aa, jamani." Bwana Duckworth, mweka hazina, alisimama akapiga makofi peke yake. Bwana Clegg alizungumza vizuri, nisimnyime haki. Alisema walioingia Rivoli walitoka kwenye kelele za mashine, wakakalishwa chini ya anga ambalo halinyeshi. Nilimpenda sana wakati ule. Wote wakatia sahihi.

Orla alilala mapajani mwangu jioni nzima. Nilirudi nyumbani nina furaha, na nilikuwa sijawa na furaha ya namna ile tangu sijui lini.

Ijumaa, 29 Novemba

Asubuhi nimefungua simu. Bwana Duckworth amewaweka mbayuwayu kwenye ukurasa wa mji mtandaoni, na jina la jengo, na maneno, Hazina Juu ya Duka la Mazulia. Watu walioisambaza hawahesabiki. Nikampigia. Alikuwa na fahari tele, akasema mji una haki ya kujua. Nikamwomba aiondoe. Akaiondoa jioni, baada ya kuitafuta miwani yake.

Jumatatu, 2 Desemba

Barua imetumwa. Bwana Clegg aliipeleka mwenyewe posta, kwa daraja la kwanza, ile inayofika kesho yake.

Jumanne, 3 Desemba

Saa mbili na nusu asubuhi Bwana Ismail alinipigia. Alikuwa anaongea kwa sauti ndogo sana. Akasema kuna wanaume kwenye Rivoli, wana nyundo, wamemnyang'anya ufunguo.

Nilimtia Orla kwenye kigari na nguo za kulalia, nikakimbia. Mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu. Maureen alikuwa akishuka mtaani na mfuko wa mkate, akaniona, hakuuliza, akaushika mpini wa kigari akasema, "Nenda." Nikaenda.

Mlango wa pembeni ulikuwa wazi. Walikuwa wamefungua vibao vyeupe vyote, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu sijui lini ungeweza kusimama chini pale na kuliona kuba zima kama walivyoliona wale wafumaji. Robo ilikuwa bado ipo. Wanaume wawili walikuwa juu ya jukwaa la chuma wanapiga. Rowena, lipu haivunjiki kama glasi. Inatoa sauti nzito, kama mlango unaofungwa ndani ya nyumba nyingine, kisha inashuka kwa vipande vikubwa na vumbi linapanda baada yake. Msimamizi, kijana wa umri wangu, akanishika kiwiko akanitoa kwa upole. Akasema maji yamelilegeza, limeonekana ni hatari, wameagizwa kulishusha kwa usalama. Karatasi anayo. Nikamwuliza, limekuwa hatari lini? Akatazama viatu vyake. Akasema yeye aliagizwa na mwenye jengo jana mchana.

Nikapiga simu halmashauri. Barua yetu ilikuwa imefika, kwenye bahasha, na barua nyingine za asubuhi. Afisa wa majengo aliifungua nikiwa kwenye simu, nikasikia karatasi inachanika. Hakusubiri hata dakika, aliandika amri ya dharura akaja mbio kwa gari lake. Alifika akiwa ameshika karatasi juu ya kichwa kwa ajili ya mvua. Sauti ya nyundo ilikuwa imeshakoma. Walikuwa wanafagia.

Wakati nasubiri nilipiga picha kontena la kifusi. Sikujua nifanye nini kingine. Nilianza na nyuma. Kuna mabawa mle, na maua ya pamba, na kichwa kimoja chenye mdomo wazi. Fundi mmoja akaniambia, "Uso wangu usiutoe, dada, nina watoto." Nikamwambia mimi pia nina mtoto, na sikuutoa.

Bwana Clegg alikuja na fimbo yake, ameloa hadi kwenye nyusi. Alilitazama kontena. Akaanza kusema kwamba Duckworth ni mpumbavu, kwamba atamfukuza chamani. Nikamkatiza.

"Siyo Duckworth, Bwana Clegg. Mimi niliomba barua iende wiki ile. Wewe ukataka chai."

Ndivyo nilivyosema, mbele ya Bwana Ismail na mbele ya mafundi. Mzee wa miaka themanini.  Bwana Clegg akageuka akatembea kuelekea kituo cha basi, na sikumfuata.

Orla alikuwa anacheka nilipofika nyumbani. Maureen alikuwa amemvika sufuria kichwani.

Alhamisi, 5 Desemba

Baridi. Sikutoka.

Jumapili, 15 Desemba

Barafu. Lori la Callum liliteleza juu kule likalala mtaroni, yeye hakuumia, chumvi yote ikamwagika mahali pamoja. Alisimulia akicheka, nikalia, akadhani nalia kwa ajili yake. Nilimwacha adhani hivyo. Nusu ilikuwa kweli.

Maktaba wamebadilisha picha ukutani. Sasa ni kazi za watoto wa shule, watu wa theluji.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi kwa Maureen. Bata mzinga mkavu. Orla alikula kiazi chake cha kwanza cha kuoka. Wakati wa kuosha vyombo Maureen akaniambia, bila kunitazama, kwamba Rivoli ndipo alipoachwa na mvulana wake wa kwanza, katikati ya filamu.

"Ulifanya nini, mama?"

"Niliimaliza. Tikiti nilijilipia mwenyewe."

Akanipa sahani nyingine nifute. Baadaye akaniuliza yule mzee wa basi anakula wapi leo. Nikasema sijui. Akasema ukali wangu umezidi sababu niliyo nayo, na kwamba anamjua mtu mkali akimwona, anajitazama kwenye kioo kila asubuhi. Akafunga sahani ya chakula kwa karatasi ya foili.

Nilikwenda. Alifungua mlango amevaa koti ndani ya nyumba. Hakuna sahani mezani, redio tu. Sikuomba radhi kwa nilichosema, maana kilikuwa kweli, lakini nilikaa hadi alipomaliza kula. Aliniambia usiku analiona neno lake mwenyewe, ndani limekwisha, na kwamba laiti angepanda ile ngazi magoti yakiwa mazima. Nikamwambia wakati ule hata Ismail hakujua ngazi ile inafika wapi. "Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, binti," akasema, "kujua."

Jumanne, 14 Januari

Mkaguzi alikuja leo, dada mmoja mpole mwenye kofia ngumu na buti za tope. Alisimama chini akatazama juu mahali ambapo sasa pana mbao tupu na nyaya. Alitazama picha zangu moja moja, alikaa sana na yule mwenye mkia mfupi. Akasema ni picha nzuri kuliko alizozoea kuletewa. Akasema pia kwamba yeye hawezi kuorodhesha picha.

Bwana Clegg alikuwepo, alikuja kwa basi la mapema. Mkaguzi alipoondoka akaniambia chama kimekutana. Nikaogopa wamekifunga. Kumbe amewaomba waifute desturi. Kuanzia sasa barua kwanza, picha baadaye, hata ikichukua mwaka. Wenzake wakabisha, bibi mmoja akalia. Duckworth ndiye aliyeinua mkono wa kwanza kukubali.

"Na biskuti?" nikamwuliza.

"Biskuti zimebaki," akasema. "Sisi siyo wanyama."

Alhamisi, 6 Februari

Jibu limekuja. Rivoli haliingii kwenye orodha. Aya mbili. Nilimsomea Bwana Ismail dukani kwa mpwa wake, akashukuru kwa kusomewa. Aliniomba picha ya safu ya mbele ya roshani. Nimeshamtolea.

Orla amesimama leo kwa kushika kiti. Amekaa chini tena kwa hasira.

Jumatatu, 10 Februari

Rowena, daftari linaondoka kesho kwa posta, kwa hiyo nimalizie. Tingatinga litaingia wiki ya mwisho ya mwezi huu. Yule msimamizi kijana alinipigia mwenyewe. Amesema Jumanne ya tarehe 18 watakuwa hawana kazi ndani, na milango itakuwa wazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, tukitaka. Hakusema kwa nini na sikumwuliza.

Tunataka. Nitapiga picha zote, mgongo, pembeni, mbele, roshani, chumba cha mashine ya filamu, na hizo mbao tupu pia, maana hiyo nayo ndiyo iliyotokea. Bwana Clegg atakuja. Hajaketi kitini ndani ya Rivoli tangu taa zilipozimwa kwa filamu ya mwisho, na atakuwa ananiandikia kila picha nimesimama wapi. Maureen ana miadi ya nyonga yake hospitali siku hiyo, hawezi kumshika mtoto. Nisikuzungushe, ninavyohitaji ni hivi, vifike kabla ya tarehe 18:

Ile lenzi yako pana, ya harusi. Nitaitunza kuliko macho yangu.

Taa mbili za kusimama na waya mrefu, umeme wa mle umekatwa, ila duka la jirani limekubali tuchomeke kwao.

Betri za kamera, zile kubwa, mbili.

Buti zenye chuma vidoleni, namba tano, hata zikiwa kuukuu. Msimamizi amesema bila buti sipandi.

Wewe mwenyewe, kama unaweza kuja Jumatatu jioni, umshike Orla. Anakoroma kidogo, na akikuona miwani ataivua.

Na kama hivyo vyote haviwezekani, basi tuma peke yake kile kiti chako cha kukunja, cha kambini, cha kijani, chenye pa kuegemeza mikono. Viti vya Rivoli viliuzwa vyote zamani, na Bwana Clegg hawezi kusimama kutwa nzima. Nitamwekea katikati ya ukumbi, akitazama juu.